Mkono Usio na Haraka

Kwetu, anayekandwa asipolia watu huona hajakandwa. Kijana akiteguka kifundo cha mguu uwanjani, hupelekwa kwa mzee wa mtaa anayejua kuchua. Mwenzake mmoja humshika mabega, mwingine humkalia paja, kisha mguu unavutwa, unazungushwa, unabanwa kwa kidole gumba palepale palipovimba. Akipiga kelele, waliomzunguka huridhika: sasa inaingia. Akinyamaza, watasema mkono wa leo ulikuwa mwepesi. Hata kwenye vyumba vya masaji vya mjini, vyenye taulo nyeupe na mishumaa ya marashi, utamsikia mteja akimhimiza mkandaji: "Ongeza nguvu, dada, bado sijasikia kitu."

Naelewa imani hiyo inatoka wapi. Tumekulia kwenye dawa chungu na sindano za kuuma, na aliyevumilia maumivu huona amekwisha kulipia uponyaji wake. Lakini kila ninapozidi kuwatazama watu wanaoijua kazi hii, wawe bibi zetu wa uani au wataalamu wa tiba ya viungo hospitalini, naona jambo lile lile: walio bora ndio wenye mikono isiyo na haraka. Nguvu wanazo. Wanajua tu kwamba mara nyingi hazihitajiki.

Ngamiani, Tanga, alikuwapo bibi aliyekuwa akikanda watu uani kwake nyakati za alasiri. Wachukuzi wa bandarini walimjia, na mafundi cherehani wenye shingo zilizokaza, na kina mama waliotoka kujifungua. Mafuta yake yalikuwa ya nazi, ameyatia kwenye kikombe cha bati, na kikombe kimekaa kando ya jiko la mkaa yasipoe. Hakummwagia mtu mafuta mgongoni. Aliyapaka viganjani mwake kwanza, akavisugua mpaka vikapata moto, ndipo akaweka kiganja kimoja kiunoni mwa mgonjwa na kukiacha hapo. Mgonjwa amelala kifudifudi mkekani, anapumua, na kiganja kinapanda na kushuka pamoja na pumzi zake. Huku bibi anauliza. "Jana ulibeba nini, mwanangu? Uliinama au ulichuchumaa? Usiku unalalia ubavu gani?" Mchukuzi anajibu, sauti imezama kwenye mto. Kidole cha kwanza kilipoanza kubonyeza, kilianzia mbali na maumivu, makalioni na mbavuni, kikasogea kidogo kidogo kuelekea penyewe.

Siku moja aliletwa mwanamke ambaye hata arobaini yake ya uzazi ilikuwa haijatimia. Shavu la mguu mmoja lilikuwa limevimba, limekaza, na ukiligusa lina joto kuliko la pili. Mama yake alikuwa ameshamwandalia mkeka. "Bibi, shikamoo. Damu imeganda hapa, tuchulie itembee." Bibi aliitikia marahaba, akaugusa mguu kwa mgongo wa kiganja, akaulinganisha na mwenzake, akajifuta mafuta mikononi. "Huu siuchui. Mpelekeni hospitali leo hii, msingoje kesho."

Wale waliosikitika kwamba bibi amekataa kazi hawakujua amefanya kazi kubwa kuliko zote alizofanya siku ile. Wiki za baada ya kujifungua ni wakati ambapo damu huganda kwa urahisi katika mishipa ya ndani ya miguu. Donge likiwa limetulia mguuni, mwanamke anaumwa mguu. Likimeguka na kupanda mpaka kwenye mapafu, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kuichua damu hiyo itembee, kama alivyoomba mama yule kwa mapenzi yote ya mzazi, ndiko hasa kunakoogopwa. Bibi hakuwa na kipimo cha aina yoyote. Alikuwa na mkono uliogusa miguu mingi mizima kiasi cha kuutambua usio mzima.

Basi mkono unafanya nini chini ya ngozi? Yako majibu mengi mitaani, na mengine yameandikwa kwenye mabango: masaji hutoa sumu, huyeyusha mafuta, huondoa asidi ya laktiki kwenye misuli. Hili la mwisho hupendwa sana na wanamichezo. Ukweli ni kwamba asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kuacha kukimbia, ukandwe usikandwe. Maumivu ya kesho yake na kesho kutwa yanatokana na michubuko midogo katika nyuzi za misuli iliyofanya kazi isiyoizoea.

Jibu lililonishika zaidi ni la mwaka 1965. Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza waliandika katika jarida la Science kwamba maumivu hayapiti moja kwa moja kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni. Ndani ya uti wa mgongo kuna kitu walichokiita lango. Habari za mguso na mgandamizo zinapofika hapo zinaweza kulifunga kiasi, na habari za maumivu zikapungua kabla hazijapanda juu. Ubongo nao hutuma amri zake kutoka juu, kulifungua zaidi ukiwa na hofu, kulifunga ukiwa umetulia. Watafiti waliofuata wamerekebisha mengi katika maelezo yao, lakini msingi umebaki. Mtoto akijigonga goti, mama hulisugua kabla hata hajauliza kimetokea nini, na mtoto hutulia. Mkono wa mama ulilijua lango hilo tangu zamani.

Ukifuata fikra hiyo, nguvu ya kupindukia inaharibu kazi. Mtu anayeumizwa hukaza, hubana meno, hushika pumzi. Misuli iliyotakiwa kulegea inajikunja kujilinda. Anayesimama baadaye akasema amepata nafuu huenda ameipata kweli, lakini mara nyingine anachokisikia ni raha ya mateso kukoma.

Kunyoosha viungo nako kuna siri inayofanana na hii. Wengi wetu tunaamini kwamba ukiinama kila asubuhi kugusa vidole vya miguu, na baada ya wiki kadhaa ukavifikia, basi misuli ya nyuma ya paja imerefuka. Mwaka 2010, Weppler na Magnusson walikusanya matokeo ya tafiti zilizokuwapo na kuyaandika katika jarida la Physical Therapy. Walionyesha kwamba kwa mazoezi ya wiki chache, kinachobadilika zaidi ni hisia. Msuli ni ule ule, ila mwenye msuli sasa anavumilia kuvutwa mbali zaidi kabla mwili haujasema basi. Nilipolielewa hilo, niliona kunyoosha kwa namna nyingine. Unaufundisha mwili, kwa kurudia, kwamba hapo ulipopaogopa panafikika salama. Na hakuna anayefundishwa jambo hilo kwa kuvutwa ghafla huku akipiga mayowe.

Wako, hata hivyo, watu ambao viungo vyao vimepinda kweli, kwa umbo, na hisia peke yake haiwatoshi. Hapa ndipo mtetezi wa nguvu angetarajia kushinda. Mfano ninaoutegemea unatoka kwa watoto wachanga.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huzaliwa na mguu kifundo: unyayo umegeukia ndani na kutazama juu, kisigino kimevutwa. Kwa miaka mingi madaktari waliipindua miguu hiyo kwa mabavu, au waliipasua kwa upasuaji mkubwa. Ilinyooka, lakini wengi walipokuwa watu wazima ilikuwa migumu na yenye maumivu. Ignacio Ponseti aliliona hilo. Alizaliwa kisiwani Menorca, Hispania, mwaka 1914, mwana wa fundi saa, na utotoni alimsaidia baba yake kutengeneza saa. Alitibu majeruhi upande wa jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akakimbilia Ufaransa, kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko alijifunza mifupa midogo ya unyayo mmoja mmoja, jinsi kila mmoja unavyoteleza juu ya mwenzake, kama mtu anayetazama ndani ya saa.

Njia yake ni hii. Kidole gumba cha mtibabu hukaa mahali pamoja tu, juu ya kichwa cha mfupa wa kifundo uitwao talasi, na mkono wa pili huusogeza unyayo nje kwa upole, kiasi ule mguu unavyokubali siku hiyo. Mtoto hatakiwi kulia. Mara nyingi ananyonya huku kazi ikiendelea. Kisha mguu hufungwa plasta ya jasi kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa, ili ubaki hapo ulipofika. Baada ya siku tano hadi saba plasta inafunguliwa, mguu unasogezwa tena kidogo, unafungwa tena. Plasta tano au sita kwa kawaida zinatosha. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa kitobo kidogo, na kano hujiunga upya ndani ya wiki tatu za plasta ya mwisho. Baada ya hapo ni viatu vilivyounganishwa kwa upau: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afikishe karibu miaka minne.

Ponseti aliyachapisha matokeo yake mwaka 1963 na kwa miongo kadhaa karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1995 wenzake wa Iowa waliwafuatilia watu waliotibiwa naye wakiwa wachanga, miaka kama 30 nyuma. Asilimia 78 walikuwa na miguu iliyohesabiwa kuwa nzuri au nzuri sana. Katika kundi la kulinganishia, la watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, ilikuwa asilimia 85. Leo njia hiyo ndiyo inayotumika sehemu nyingi duniani, na hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, huitumia kwa watoto wetu. Mguu ukirudi kupinda, sababu kubwa huwa ni viatu vya upau kuachwa mapema, pengine kwa sababu bibi mtu alimwonea huruma mjukuu, au nauli ya kurudi kliniki ilikosekana.

Kwa hiyo hata mfupa na kano vinageuzwa na mkono mpole, mradi upole huo urudiwe na muda upewe nafasi yake. Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba cha karne ya 11, aliwatahadharisha mapema wanaodhani ukandaji ni mmoja: aliutenga wa nguvu, wa laini, wa muda mrefu na wa wastani, na kila aina akaipa kazi yake.

Nikirudi nyumbani, desturi zetu za uzazi zinanipa shida zaidi. Katika siku arobaini, mama wa pwani hupakwa mafuta, hukandwa mgongo na miguu, hufungwa mkaja tumboni, hupikiwa uji wa pilipili manga, na haachwi peke yake. Sioni namna bora ya kumtunza mtu aliyetoka kwenye kazi ile. Lakini ndani ya desturi hiyo hiyo mna maji ya moto, yanayochotwa yakitokota, na kitambaa kinachochovywa humo na kubanwa juu ya tumbo ili "damu chafu itoke". Mji wa mimba hujirudi wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi, na kunyonyesha huusaidia kukaza. Maji yale hayaongezi kitu ila malengelenge, na kwa aliyepasuliwa ni hatari juu ya kidonda. Ningependa kuwaomba mama zetu wabaki na mafuta, wabaki na mkaja usiobana pumzi, wabaki na zile siku arobaini zote za kumgusa na kumsikiliza mzazi, na yale maji wayaache yapoe wamwogeshee.

Maumivu ya kiuno ndiyo yanayowapeleka watu wengi zaidi kwa mkandaji. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikadiriwa kuwa na maumivu hayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu kiuno kinachouma kwa muda mrefu bila ugonjwa mwingine nyuma yake, unaitaja masaji miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na kumwelewesha mgonjwa hali yake. Haupendekezi mikanda ya kiuno ya kawaida wala mashine za kuuvuta mgongo. Nimeshukuru kuona mkono umepewa nafasi hapo, na nimeshukuru vile vile kwamba haukupewa peke yake. Masaji hupunguza maumivu kwa muda. Muda huo ndio wa kuinuka, kutembea hadi sokoni, kujikunja na kujinyoosha. Anayeutumia kulala tu atarudi kwa mkandaji wiki ijayo na maumivu yale yale.

Na kuna sehemu za mwili zisizopaswa kukandwa kabisa kabla ya daktari kuziona: mgongo unaouma pamoja na homa za usiku na kukonda, maana kifua kikuu huingia hata kwenye pingili za uti wa mgongo, mgongo unaofuatana na ganzi katikati ya mapaja au mkojo usiozuilika, ambao ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, na, kwa vijana, uvimbe juu au chini ya goti unaozidi kukua na kuuma usiku. Mkandaji anayeyajua haya anaokoa maisha. Asiyeyajua hupoteza miezi ya mgonjwa, kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana huniuma kuona kazi hii inavyodharauliwa. Kwa upande mmoja inaonekana ni ushamba wa vikongwe, kwa upande mwingine neno masaji mjini limechafuliwa na vyumba vinavyouza kitu kingine. Wenzetu wa London waliwahi kukumbwa na fedheha hiyo hiyo. Mwaka 1894, magazeti yakiwa yamejaa kashfa za nyumba za masaji, wauguzi wanne wanawake, Rosalind Paget miongoni mwao, waliunda chama cha wakandaji waliosomea. Waliweka mitihani na masharti makali ya mwenendo, ili mgonjwa ajue nani anamgusa na kwa nini. Chama kile ndicho baadaye kilichokuwa chama cha wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza. Kwetu wataalamu hao wapo, wengine wamefundishwa KCMC Moshi, wengine vyuo vya tiba vya Kenya. Wanachokosa ni kukutana na bibi wa uani, kila mmoja amsikilize mwenzake bila kiburi.

Mahali wanapohitajiana zaidi ni kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi. Mzee ameruhusiwa kutoka hospitali, upande mmoja hausikii. Kliniki ni mara chache, teksi ni ghali. Anayebaki naye ni binti au mkwe. Jirani anamleta mchuaji mwenye chupa ya mafuta makali, anayeuvuta mkono uliopooza kwa nguvu "uamke". Misuli ya bega la mkono huo haina tena nguvu ya kulishikilia. Mfupa umekwisha kuteremka kidogo kutoka mahali pake. Kila anapouvuta, analichana bega. Baada ya wiki kadhaa mzee hataki hata kuguswa, na familia inasema amekata tamaa.

Nimemwona binti aliyefundishwa akifungua kiganja cha baba yake kilichojikunja ngumi. Hakuvitanua vidole. Alikiinamisha kwanza kiganja kwenye kifundo cha mkono, polepole, na ngumi ikaanza kulegea yenyewe. Kisha akakishika kidole gumba kwenye shina lake, akakitoa nje, na vidole vingine vikafuata. "Baba, tazama mkono wako," akasema. "Sasa nisaidie kushika kikombe." Kikombe hakikuwa na kitu. Mzee alijaribu, kikaanguka, akajaribu tena. Hayo majaribio ndiyo yanayoufundisha upya ubongo. Mafuta na mkono wa binti vilikuwa vimeandaa njia tu.

Kama nyumbani kwako yumo mgonjwa wa namna hii, msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumshika kwapani. Mgeuzeni kitandani kila baada ya saa mbili mchana na usiku maadamu hawezi kujigeuza. Kila kiungo chake kisogezwe kila siku, taratibu, mpaka pale kinapokataa na si zaidi. Na kabla hamjatoka hospitali, mwombeni mtaalamu wa viungo awafundishe mbele ya mgonjwa, kisha mrudie ninyi, yeye akiwatazama.